Mashindano ya taichi hupima nini hasa?

Mnamo Oktoba 2018, katika uwanja wa michezo wa chuo kikuu kimoja jijini Beijing, nilimpa mama mzee wa miaka 71 alama 6.9 kati ya 10. Sikukosea hesabu. Kila alama niliyoikata ilikuwa na kifungu chake katika kanuni: teke lake halikufika kiunoni, magoti yake hayakukunjika ipasavyo, na mara mbili alipepesuka aliposimama kwa mguu mmoja. Hata hivyo, nilipoitia sahihi karatasi ile nilijua kwamba nimeandika uongo, na tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza uongo huo ulitoka wapi, maadamu kila tarakimu iliyomo ilikuwa ya kweli.

Yanipasa nieleze kwanza nilifikaje huko. Kiswahili kimefundishwa Beijing tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, nami nilikwenda kwa mkataba wa miaka miwili kuwafundisha vijana wa Kichina ngeli za nomino na mnyambuliko wa vitenzi. Miezi ya kwanza usingizi ulinikataa kabisa. Basi alfajiri nilikuwa nikitoka kwenda katika bustani iliyokuwa nyuma ya nyumba za wafanyakazi, na huko nikawakuta wazee kumi na watano hivi wakifanya taichi. Hawakuniuliza mimi ni nani. Walinionyesha pa kusimama, nikasimama. Mama yule, mstaafu wa reli, ndiye aliyenirekebisha mabega kwa mwaka mzima bila ya kuchoka wala kunicheka, na ndiye huyo huyo niliyekuja kumpa 6.9.

Mimi ni mwanaisimu, na jina halinipiti hivi hivi. Jina kamili la sanaa hii ni taijiquan. Quan ni ngumi, na kwa kupanuka kwa maana ni mtindo wa kupigana. Taiji ni istilahi ya falsafa ya kale ya Wachina: kikomo cha juu kabisa, ambamo yin na yang hupata chanzo chake. Wengi huisikia hiyo "chi" ya taichi wakadhani ndiyo ile qi, yaani pumzi au nguvu ya uhai inayotajwa na matabibu wa Kichina. Sivyo. Ni maneno mawili mbalimbali, yenye maandishi tofauti na matamshi tofauti, na ni tahajia ya zamani ya Wazungu iliyoyakaribisha mpaka yakafanana. Kosa hili si la herufi tu. Limewafanya watu wengi waamini kwamba taichi ni mazoezi ya kupumua ya wazee, ilhali jina lenyewe linapiga kelele kwamba hii ni ngumi.

Ni ngumi ya namna gani? Wachina huiweka katika kundi waliitalo neijia. Nei ni ndani. Jia ni nyumba, ukoo, na pia ni madhehebu ya elimu. Ndugu zetu wa pwani wasemapo kwamba fulani ni wa mlango fulani hawako mbali na maana hiyo. Mwaka 1669 mwanachuoni Huang Zongxi aliandika maneno ya kaburi la bingwa aliyeitwa Wang Zhengnan, na humo akaitenga nyumba ya ndani na ile ya nje, aliyoihusisha na hekalu la Shaolin. Wapo wanahistoria wanaoshikilia kwamba Huang, ambaye alikuwa amewapinga watawala wa Kimanchu, alikuwa na siasa akilini mwake zaidi ya ngumi. Yawezekana. Lakini neno lilipata miguu, na baadaye likazikusanya chini yake sanaa tatu: taijiquan, xingyiquan na baguazhang. Sun Lutang, aliyezaliwa 1860 na kufariki 1933, alizimudu zote tatu na kuziandikia vitabu.

Kwa maneno mepesi, katika sanaa ya ndani nguvu haitoki katika msuli wa bega. Hupanda kutoka nyayoni, ikapita nyonga na uti wa mgongo hadi kiganjani, na hupita tu iwapo viungo vyote vya njiani vimelegea bila ya kulala. Tena mwenye kuijua hashindani na nguvu inayomjia. Huipokea, akaigeuza njia kidogo tu, ikapita. Ujuzi unaotangulia yote hayo huitwa ting jin. Ting ni kusikiliza, na jin ni nguvu iliyofunzwa. Kusikiliza huku hakuna uhusiano na masikio. Watu wawili hugusana mikono karibu na vifundo, na kila mmoja kwa ngozi yake husikia uzito wa mwenzake unaelekea wapi kabla mwenyewe hajauamua. Nilipofafanuliwa dhana hii mara ya kwanza sikuona ugeni wowote, kwani sisi tunaosema Kiswahili husikia harufu, husikia baridi, husikia maumivu na husikia njaa. Mwenzangu Mwingereza aliyefundisha katika idara jirani alihangaika nayo kwa wiki kadhaa.

Mimi nina kilo 86. Mama yule hakuzidi 50. Kila nilipojaribu kumsukuma nilihisi kama mtu anayeegemea mlango uliofunguliwa ghafla. Hakuwa akinipiga, hakuwa hata akinivuta. Nilikuwa nimeanguka kwa shauri langu mwenyewe.

Sasa turudi kwenye mashindano. Vyuo vingi vya China huwafundisha wanafunzi taichi katika vipindi vya elimu ya viungo, na idara ya michezo ilitaka kuwashindanisha wanafunzi, walimu na wastaafu siku moja. Niliingizwa katika kamati ya maandalizi, na hatimaye katika jopo la waamuzi. Sijidanganyi: kulikuwa na uhaba wa waamuzi, na nadhani ilionekana kwamba uso wangu ungependeza kwenye picha za gazeti la chuo. Nilipewa mafunzo ya siku mbili na kijitabu cha kanuni.

Anayedhani kwamba kuandaa mashindano ni kazi ya kukodi viti na kununua vikombe hajawahi kuandaa. Swali la kwanza lililotukalia kitako mwezi mzima ni hili: washindani wafanye nini? Kila ukoo una mfululizo wake. Kijiji cha Chenjiagou mkoani Henan ndicho chimbuko la mtindo wa Chen. Yang Luchan, aliyezaliwa 1799, alijifunza huko akaupeleka ujuzi wake Beijing, ukawa mtindo wa Yang. Kutoka hapo zikachipuka nyumba nyingine. Mfululizo mrefu wa Yang una miondoko zaidi ya 80 na huchukua dakika 20 au zaidi. Tulikuwa na washindani 112. Piga hesabu mwenyewe, msomaji. Kamati ikaamua yale ambayo karibu kila kamati huyaamua: tutumie mfululizo wa miondoko 24 uliotolewa mwaka 1956 na Kamati ya Taifa ya Michezo ya China, ambao unatokana na mtindo wa Yang na huisha kwa dakika tano au sita.

Hapakuwa na ubaya katika uamuzi huo. Lakini angalia kilichofuata. Maadamu wote wanafanya miondoko ile ile, tofauti zao hazina budi kutafutwa mahali pengine, na mahali pa karibu ni pale jicho linapofika: urefu wa teke, kina cha goti, mkono kunyooka, uso kutulia. Mwamuzi ameketi mbali, mbele ya meza, ana dakika sita na kalamu. Hawezi kusikia kwa ngozi. Basi hukata alama kwa kile anachokiona, na kile asichokiona kinahesabiwa kwamba hakipo.

Asidhani mtu kwamba tatizo hili limeanza juzi, wala kwamba Wachina wenyewe hawakulijua. Oktoba 1928 Taasisi Kuu ya Guoshu, iliyoundwa Nanjing mwaka huo huo, iliandaa tukio kubwa la kitaifa la sanaa za kupigana. Walimu wenzangu watatabasamu wakisikia kwamba halikuitwa shindano. Liliitwa mtihani wa taifa. Watu walipandishwa jukwaani wakapigana kwelikweli, bila ya kinga za maana, na majeruhi wakawa wengi hata waandaaji wakayakatiza mapambano kabla ya kumpata mshindi mmoja. Mwaka uliofuata, Novemba 1929, palikuwa na mashindano mengine ya jukwaani mjini Hangzhou, na Sun Lutang niliyemtaja hapo juu alikuwa miongoni mwa waamuzi. Kipimo hicho kilikuwa na ukweli wake, kwani aliyeanguka ameanguka. Ila kilikuwa na bei ambayo hakuna chuo wala serikali ingeweza kuendelea kuilipa, na kilipima mengi yasiyohusu sanaa ya ndani: umri, uzito, na ukatili wa moyo.

Baada ya 1949 mkondo ukageuka. Mapigano yakawekwa kando na maonyesho yakashika usukani. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilitungwa mifululizo maalumu ya mashindano: miondoko 40 kwa mtindo wa Yang, 56 kwa Chen, 45 kwa Wu, 73 kwa Sun, na mwingine wa mchanganyiko wenye miondoko 42. Wushu, ambalo ndilo jina la jumla la sanaa hizi zote, iliingia katika Michezo ya Asia ya Beijing mwaka 1990. Mwaka huo huo shirikisho la kimataifa likaundwa, na 1991 pakawa na mashindano ya kwanza ya dunia, pia mjini Beijing. Katika kanuni za kimataifa zilizotumika baadaye, alama 10 ziligawanywa hivi: tano kwa ubora wa miondoko, tatu kwa sura ya jumla ya onyesho, na mbili kwa ugumu. Ni hizo mbili za mwisho zilizoleta vituko. Ugumu sharti uonekane, na ugumu unaoonekana ni kuruka. Ndipo katika sanaa inayofunza mguu uote mizizi ardhini tukaanza kuwaona vijana wakiruka, wakizunguka hewani na kutua kwa mguu mmoja, wakishangiliwa. Nimewaona kwa macho yangu, na sitasema kwamba si hodari. Ni hodari mno. Ninachosema ni kwamba wanacheza mchezo uliozaliwa na karatasi ya alama.

Sisi katika kamati yetu tuliziondoa alama za ugumu, tukajiona wenye busara. Tukaongeza pia shindano la kusukumana mikono, ambalo kwa nadharia ndilo tiba ya maradhi yote haya, kwani hapo watu hugusana. Wawili husimama, mikono imegusana, na anayemwondoa mwenziwe mahali pake anapata alama. Loo! Dakika ya kwanza ilikuwa ya adabu. Dakika ya pili vijana wa kitivo cha uhandisi walikuwa wameinama kama mafahali, vichwa vimegusana, shingo zimevimba, kila mmoja akimkandamiza mwenzake kwa uzito wote wa mwili. Mzee mmoja aliyesimama karibu nami alisema kwamba angetaka kutazama mieleka angekaa nyumbani awashe televisheni.

Nimetafakari sana kwa nini mambo yalikwenda hivyo, na jibu langu ni la kanuni, si la tabia za vijana. Kanuni ilimlipa aliyesukuma. Haikumlipa aliyepokea akaponyoka, wala haikumtoza aliyekaza misuli. Kijana aliyelegea na kusikiliza alikuwa akihatarisha alama kwa manufaa yasiyoandikwa popote. Angekuwa mjinga kufanya hivyo, na vijana wale hawakuwa wajinga. Walikuwa wanafunzi, na mwanafunzi husoma kanuni ya mtihani kwa makini kuliko aliyeitunga.

Hapa nitawagusa wenzangu wa nyumbani kidogo, na naomba wanisamehe. Nimewahi kuketi katika meza ya waamuzi wa mashairi ya shule hapa Kenya, nikawaona watoto wa shule tatu za kaunti tatu wakiinua mkono wa kulia penye neno "mbingu" na kuushika moyo penye neno "mama". Hakuna mshairi aliyewafunza hivyo. Karatasi ya alama ilikuwa na safu ya "ishara za mwili", na walimu waliowaandaa waliisoma. Vivyo hivyo fasihi simulizi: katika mtihani wa kidato cha nne tumewatahini watoto miaka nenda miaka rudi kwa kalamu, wakaeleza kinaganaga sifa za mtambaji bora, na hakuna aliyewasikia wakitamba hata kisa kimoja. Tusiwacheke Wachina basi.

Wako wanaosema dawa ni kuacha. Mwalimu mkuu wa kikundi chetu cha bustanini alikuwa na msimamo huo: taichi si ya kushindaniwa, aliye nayo anayo, asiye nayo atajua siku akiihitaji. Ni maneno yenye uzito, nami nilimheshimu mzee yule, ila sikubaliani naye. Sanaa isiyopimwa hadharani huwa pango la matapeli. Kila mwenye ndevu ndefu na vazi la hariri atadai kwamba humwangusha mtu bila ya kumgusa, na wanafunzi wake, kwa adabu, wataanguka. Fauka ya hayo, ni kweli isiyopingika kwamba ule mfululizo mfupi wa 1956, ambao wazee waliudharau, ndio uliowafikisha mamilioni kwenye mlango wa sanaa hii, na pengine bila yao hata UNESCO isingeiingiza katika orodha yake ya urithi wa binadamu Desemba 2020. Mashindano huwapa vijana sababu ya kuamka alfajiri. Wanafunzi wangu wawili wa Kiswahili walianza kwa ajili ya medali, na walipokosa medali waliendelea. Sioni namna nyingine ambayo wangeanza.

Nao ugonjwa huu sasa umo njiani kuja barani mwetu, ikiwa haujafika. Mwaka 2020 iliamuliwa kwamba wushu itakuwa miongoni mwa michezo ya Olimpiki ya Vijana ya Dakar, iliyoahirishwa kutoka 2022 hadi 2026. Kwetu Kenya, Taasisi ya Confucius ya kwanza ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na wapo wanafunzi waliofunzwa Kichina wakaonja taichi pamoja nacho. Siku si nyingi mwalimu fulani wa michezo ataombwa aandae mashindano, atatumiwa kijitabu cha kanuni, na atafanya kama nilivyofanya mimi. Huyo ndiye ninayemwandikia.

Nisingemwambia akichome kijitabu. Ningemwambia akisome kwa jicho la mwanafunzi mvivu mwenye akili, ajiulize: nikitaka ushindi kwa njia ya mkato, nitafanya nini? Jibu atakalolipata ndiyo sanaa atakayoivuna baada ya miaka mitano. Kisha aandike juu ya kila karatasi ya alama kwamba kinachopimwa ni onyesho la mfululizo, asiandike kwamba ni "kiwango cha taichi", maana hilo la pili hana uwezo wa kulijua kutoka alipoketi. Katika kusukumana, amtoze alama anayeegemea, na ampe alama aliyesukumwa akabaki wima. Asiwachanganye wenye miaka 20 na wenye miaka 70 katika safu moja ya goti na teke. Na kama ana waamuzi wanaojua kusikiliza kwa mikono, wainuke vitini.

Hilo la mwisho tulilijaribu sisi wenyewe. Kabla ya mashindano ya 2019 niliiandikia kamati barua, kwa Kichina changu cha kubabaisha, nikapendekeza kwamba kila mshindani, baada ya onyesho lake, aguse mikono na mwamuzi kwa dakika moja na apewe alama kwa alichosikika nacho. Walinijibu kwa heshima kubwa kwamba dakika moja kwa watu zaidi ya 100 ni karibu saa mbili, kwamba alama za mguso hazina ushahidi wa video iwapo mtu atakata rufani, na kwamba waamuzi wawili wanaweza kusikia mambo mawili. Hoja zote tatu zilikuwa na nguvu, na ile ya pili sijapata jibu lake mpaka leo. Mwishowe walikubali nusu: ifanyike kwa waliozidi miaka 60 tu, ambao walikuwa 23, na waamuzi wawe walimu watatu wazee kutoka nje ya chuo. Mimi nilipewa kazi ya kupanga viti.

Mama wa reli alikuwa wa tisa. Nilikuwa nimetumaini, na sioni haya kukiri, kwamba angekuwa wa kwanza na dhamiri yangu ingepumzika. Mwamuzi mmoja, mzee mwembamba aliyekuwa na kofia ya sufu, alimshika mkono kwa muda uliozidi ile dakika moja, akamwambia kitu, naye akatikisa kichwa polepole. Jioni nilimwuliza ameambiwa nini. Akasema ameambiwa kwamba bega lake la kulia linatangulia kusema kabla ya mkono kufika. Aliketi akilisugua bega lile kwa kiganja. Asubuhi iliyofuata nilipofika bustanini nilimkuta amekwisha kuanza, peke yake, upande wa kulia tu.